Mama Charlotte, Na Sisi Tulikuficha

Mwaka umezunguka, Mama, umetukuta palepale ulipotuacha. Tarehe 19 Agosti 1987, saa ya akina mama kutoka sokoni, ulikata pumzi katika wodi ya wanawake, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Viviane, kitinda mimba wako. Ijumaa hii ni misa yako. Jumamosi tunavua nguo nyeusi.

Ndiyo maana tunaandika. Kwetu mtu havui nguo ya kilio akiwa ameficha neno. Asubuhi ya kuvua, kabla ya kwenda kuoga mtoni, kila mtoto wa marehemu anasimama mbele ya ndugu zake na kusema kilichomkaa rohoni, na wengine wanamsikiliza bila kumkatiza. Asiyesema, wazee wanasema, avue asivue, bado amevaa. Évariste atasema lake, na Viviane lake. La Pélagie, binti yako mkubwa, ni zito mno kusemwa uani na kuishia uani. Ameomba liandikwe hapa, kwenye karatasi ya parokia, wasome wote waliokujua.

Kwenye vyeti vya serikali ulikuwa Citoyenne, yaani mwananchi, Bolumbu, na jina hilo nalo ni lako, la bibi yako wa Barumbu. Lakini waliokuita hivyo ni watu wa ofisi tu. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kizungu ya ubatizo, mtaa wote wa Mangobo uliendelea kukuita Mama Charlotte, na hakuna aliyekamatwa. Padri atusamehe, tunaliandika.

Ulikuwa fundi wa cherehani. Nusu ya sare za shule za mtaa wetu zilipita chini ya mkono wako. Hukupenda utepe wa kupimia. Ulimtazama mtoto mara moja, ukakata, na siku zote ulikata kubwa kidogo. Wazazi wakinung'unika, uliwajibu, "Mutoto iko nakomaa mbele, hapana nyuma." Watoto wa jirani yetu Asha, mjane, waliingia darasa la kwanza wamevaa kazi yako, na hawajui hadi leo kwamba kitambaa kile kilikuwa kikwembe chako, kitenge cha Noeli. Sasa watajua. Ulibana pini midomoni kutwa nzima, hata hatukuweza kutambua kama unacheka au umekasirika, na tuliogopa yote mawili.

Ulizaliwa misheni mwishoni mwa Januari 1927, siku zile masista walipopata habari kwamba binti mfalme Charlotte wa Ubelgiji amefariki. Sista aliyekupokea akakupa jina lake. Basi akawa somo yako, ndoyi kama tunavyosema hapa, na kwetu ndoyi si jina tu, ni ndugu. Picha yake, uliyoikata kwenye kalenda ya masista, ilikaa ukutani juu ya cherehani: mwanamke mwembamba, gauni pana, macho ya mtu aliyesahau kitu motoni.

Hadithi yake tulilelewa nayo kama tulivyolelewa na lituma ya ndizi za kupondwa. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka kumi. Alipofika kumi na saba aliolewa na Maximilien, kijana wa ukoo wa wafalme wa Austria. Wakavuka bahari hadi Mexico, na huko mume akakalishwa kwenye kiti cha watu wasiomtaka. "Nani alimuita kule?" ulikuwa ukiuliza, pini zote zikitikisika. Mambo yalipoharibika, Charlotte alipanda meli bila mumewe, akarudi Ulaya kumtafutia msaada. Alienda kwa mfalme wa Wafaransa, akaenda hadi Roma kwa Baba Mtakatifu. Alitoka mikono mitupu, na hukohuko akili ikamtoka. Huku nyuma mume akapigwa risasi. Yeye akabaki duniani karibu miaka sitini, ndani ya nyumba kubwa, bila mume, bila mtoto.

Lakini kilichokukasirisha hakikuwa risasi, wala kichaa. Ilikuwa kwamba ndugu zake walijua mume amekufa, na kwa miezi mingi wakamficha. Hapo ulizitoa pini mdomoni, moja moja, ili usikike vizuri.

"Mwanamuke iko anakula, anavaa, anamungojea bwana yake. Na watu ya nyumba wote wanajua. Wanamuangalia tu. Ile haiko huruma. Ile ni kumuzika mutu akiwa muzima."

Siku moja Évariste alirudi shuleni na somo la zamani za Wabelgiji, la utomvu wa mpira uliogemwa porini na mikono iliyokatwa. Alisimama mlangoni na daftari lake, amevimba kwa hasira. "Mama, unajua kaka ya ule ndoyi wako ni nani? Ni mfalme Léopold! Ni yeye alimaliza watu ya Barumbu. Na weye unamulilia dada yake?" Tulidhani utamchapa. Wewe ulishona kwanza hadi mwisho wa pindo.

"Bibi yangu alikimbiaka mu pori juu ya ile mupira," ukasema. "Nilijua ile mambo mbele ya mwalimu wako. Lakini hakuna mutu anachaguaka kaka. Donc, hapana niletee zambi ya kaka ku mulango ya dada. Miye namulilia mwanamuke mwenye alienda kutafuta musaada, na bwana akakufa nyuma yake."

Évariste alifunga daftari lake. Kila mtu nyumbani alijua unamlilia nani.

Julai 1967, siku zile za risasi mjini, watu wenye bunduki walimchukua baba yetu, Papa Emile, fundi wa mashine bandarini, akiwa njiani kurudi kula. Wakakwambia atatoka akija mtu mkubwa kumsemea. Mtu mkubwa uliyemfahamu alikuwa mmoja tu, mjomba wako wa Barumbu, aliyejuana na ofisa mmoja wa jeshi. Ukashuka mto kwa mtumbwi kumleta. Uliporudi naye, siku ya kumi na mbili, mlango wa jela walimomfungia ulikuwa wazi na ndani hamkuwa na mtu. Mmoja alisema wamehamishwa. Mwingine akasema hajawahi kusikia jina hilo. Pélagie alikuwa na miaka kumi, nawe ulirudi nyumbani ukamkuta amekaa kizingitini, anakusubiri umlete baba.

Mwili hukuonyeshwa, kwa hiyo hukulia. Kila mchana uliweka sahani ya Papa mezani, ukaifunika. Nguo zake ulizitunza sandukuni, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ulizitoa kuzianika: shati jeupe, suruali ya kaki, na viatu vya ngozi vya kahawia, vile vya Jumapili, ambavyo uliving'arisha kana kwamba misa ni kesho. Ulifanya hivyo miaka kumi na miwili.

Mwaka 1979 Édouard, kijana wa Isangi, alikuja kumposa Pélagie. Tonton Constant, mdogo wa Papa na mkubwa wa ukoo, akakataa kupokea mahari. Matanga ya Papa hayajafanywa, alisema, na nyumba yenye kilio kisichofungwa haitoi binti. "Nipokee mahari na mukono gani? Mumoja upokee, mwingine ufute machozi?" Alisema wazike nguo zake, kama wanavyofanyiwa wanaopotea mtoni, mambo yaishe.

Ulikataa. "Zikeni mutu mwenye mumeona amekufa," ukamwambia. "Bwana yangu miye sijamuona."

Hapo ndipo Pélagie, mwenye miaka ishirini na miwili na mwenye haraka, aliponyoosha kidole kwenye picha ukutani. Tuliokuwapo tuliyasikia maneno yake, laiti tusingeyasikia. "Umekuwa sawa ndoyi wako, Mama. Kichwa yako imekwenda. Na miye nitazeeka humu ndani juu ya sahani!"

Ulifunika sahani.

Juma lililofuata ulienda Bengamisa kupeleka sare, siku nne. Siku ya pili Pélagie alichukua ufunguo uliokuwa chini ya mguu wa cherehani, akafungua sanduku. Matanga ya Papa Emile yalifanyika ng'ambo ya mto, nyuma ya nyumba ya Tonton, bila ngoma na bila wimbo. Wanawake waliambiwa walie na kikwembe mdomoni, sauti isije ikavuka maji na kukuta mtu wa kukusimulia. Nani amewahi kuona matanga ya namna hiyo? Papa, aliyependa kelele kuliko watu wote, alizikwa kwa kunong'ona. Tulizika shati na suruali katika kisanduku cha mbao. Baadaye watu wote wakaapa: Mama Charlotte asiambiwe.

Viatu havikuzikwa.

Édouard hakuwa na viatu vya harusi. Pélagie alivishika vile vya Papa pembeni ya shimo, akavitazama, akaona bado ni vizima. Tonton akasema nguo tu zinatosha. Wakavipaka rangi nyeusi, mara tatu, ili wewe usivijue. Wewe, Mama! Wewe uliyeweza kumtambua mtoto kwa mbali, amegeuka mgongo, kwa jinsi bega la shati lilivyokaa!

Siku ya harusi ulicheza. Ulivaa libaya jipya, blauzi uliyojishonea, ukampigia Pélagie vigelegele hadi sauti ikakukauka. Ilipofika zamu yako ya kumbariki Édouard uliinama kuokota kitu, au ulijifanya kuinama, ukakaa hapo chini kitambo. Ulipoinuka ulimwambia, "Uko na viatu muzuri, beau-fils." Ukambariki.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata ulifungua sanduku. Viviane, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuona. Anasema ulitazama ndani, ukafunga, ukaenda kupika. Mchana huo hapakuwa na sahani ya Papa. Jioni sanduku lilikuwa limejaa vipande vya vitambaa, na picha ya ndoyi wako haikuwapo ukutani. Hukumuuliza mtu. Na katika miaka minane uliyoishi baada ya hapo, wajukuu wako hawakusikia kutoka kwako hata neno moja la binti mfalme. Walizijua pini tu.

Pélagie alikuja kila Jumapili na watoto wake. Kila Jumapili alikuja na neno la msamaha, akarudi nalo. Alisema atakuomba msamaha kwenye Noeli. Noeli ikapita, akasema Pasaka. Ulikuwa mpole kwake hata akajidanganya kwamba yamekwisha. Tunajua methali zote kuhusu anayengoja, na hazikutusaidia.

Siku tatu kabla ya kututoka, wodini, ulimwomba Viviane akachote maji. Pélagie akabaki peke yake nawe. Ulimtazama kwa muda, jinsi ulivyokuwa ukimtazama mtoto kabla ya kukata kitambaa.

"Pélagie. Ile siku, kule kwa Constant. Mulimutilia na viatu?"

Mwenzetu alikuwa na mlango wazi mbele yake, na hapakuwa na mtu wa kumsikia ila wewe. Alifungua mdomo aseme kweli. Mdomo ukasema, "Ndiyo, Mama. Viatu vilikuwa ndani."

"Bon," ukasema. "Vizuri. Hapana atembee miguu chini." Ukageukia ukuta.

Mwaka mzima tumezungumza juu ya neno hilo. Viviane anasema ulijua tangu harusini, na kwamba ulikuwa unamfungulia dada yake njia ya kutua mzigo. Évariste anasema hapana, ulikuwa mgonjwa, ulitaka tu kujua mumeo amekwenda salama, na ulifurahi. Pélagie hajui lipi ni kweli, wala hajui lipi linamuuma zaidi. Kama ulijua, alikudanganya usoni na wewe ukamwonea haya. Kama hukujua, umekwenda kwa Papa na habari ya uongo.

Jambo moja tunalijua sote. Ulituambia tangu utotoni kitu gani kilikuwa kibaya kuliko vyote katika maisha ya yule mwanamke wa kalenda. Hukutuficha. Nasi tulisikiliza vizuri, tukakua, tukakufanyia kitu hichohicho, na nyumba nzima ikakutazama ukicheza.

Mama, tunaumia. Cherehani ipo, hakuna anayeikalia. Sare za mwaka huu zimenunuliwa sokoni na zote zinabana.

Tunaokukumbuka: watoto wako Pélagie, Évariste na Viviane, mkweo Édouard, aliyeambiwa juzi tu viatu vile vilikuwa vya nani, akalia kama mtoto, shemeji yako Constant, ambaye miguu haimbebi tena lakini ameomba jina lake liwemo, wajukuu wako saba, Asha na wanawe, na watoto wote wa Mangobo uliowavika. Utakaa mioyoni mwetu hadi siku zetu zitakapokwisha.

Na Papa akikuuliza viatu vyake viko wapi, usimfiche. Mwambie ni mimi, Pélagie.