Uthibitisho Uliokatwa kwa Kalamu

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Sisi tupo. Mama bado hageuki kitandani bila kusaidiwa, ila chakula anamaliza.

Jana nimesoma makala yako ya polinomia za polianalitiki, zile fanksheni zinazochanganya namba changamano z na mwenza wake. Uthibitisho wa ukurasa wa tatu ni wangu, umetoka kwenye lile daftari ulilochukua ukisema, "Dada, nalipitia tu." Nimetafuta jina langu hadi kwenye shukrani. Halipo. Kulikoni?

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku kwema, kufundisha tu kumenibana. Mpe Mama pole.

Usinielewe vibaya. Chuo uliacha miaka tisa iliyopita. Jina lako lingeleta maswali. Damu ni damu, nikipanda mimi umepanda wewe.

Halafu, kuna mhadhiri anapinga uthibitisho ule: anadai sifuri za fanksheni hizi, yaani pale jibu linapokuwa sifuri, si lazima zikae mojamoja, zimetengana. Nimjibuje?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama katoka vidonda mgongoni, nami namuuguza.

Chuo sikukiacha. Tulikaa kuamua nani abaki na Mama, wote mkanitazama mimi.

Mhadhiri yuko sahihi. Chukua moja, toa z mara mwenza wake: unapata sifuri duara zima, hakuna pa kupenyeza hata uzi. Ndiyo maana ukurasa ule wa daftari niliukata kwa kalamu nyekundu, kona hadi kona. Nawe ukanakili hivyo hivyo! Uthibitisho sahihi umo kwenye daftari la pili.

Dada yako

5 Aprili

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo sana. Mama anaendeleaje?

Nitumie hilo daftari, nakupigia magoti. Jarida limenipa wiki mbili za kusahihisha. Safari hii jina lako litatangulia langu, nakuapia.

Mdogo wako akupendaye

17 Juni

Mdogo wangu,

Natumai u mzima.

Daftari nililituma siku ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu sikutaka uongo ubaki umechapishwa. Leo nimeyaona masahihisho yako kwenye jarida. Kosa la makala ya kwanza, umeandika, lilitokana na daftari la dada yako, na jina langu limetajwa kwa ukamilifu. Uthibitisho mpya, eti, ni wa mwandishi mwenyewe.

Usiniandikie tena.

Mama ameniona na jarida mkononi, akauliza umesema nini. Nimemwambia unamsalimu.

Dada yako