Kurasa za Bugali

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa

Yaya Paluku,

Nakusalimu wewe, mke wako na nyumba yote. Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kidogo na vumbi hili la kiangazi, si cha kutisha. Mgongo wako je? Mama Masika, yule mchuuzi wa vitunguu, alipita hapa na mizigo yake akaniambia siku hizi unatembea kama mtu aliyemeza fimbo. Nilicheka sana. Halafu nikaona haya, kwamba habari za mgongo wa kaka yangu nazipata kwa muuza vitunguu.

Najua unashangaa kuuona mwandiko wangu. Ni miaka mitatu sasa, na simu zako sizipokei. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu mimi ni mkali, wewe unanyamaza, na ukinyamaza ukali wangu unazidi. Soma polepole, na usimpe Mama kabla hujamaliza.

Bado niko kwenye depo ile ya jumla, naangalia sabuni, biskuti na couches, zile nepi za watoto. Jirani yetu wa ukuta ana mashine mbili za fotokopi. Jumamosi mchana wateja wakipungua, watu watatu wanne hukutana mle ndani, na sauti zao zinapita ukutani kama hakuna ukuta. Jumamosi moja nikamsikia mtu anasema kwa nguvu:

“Couche ya kwanza bantu bote banaiona. Miye naongelea couche ya pili. Na ya tatu!”

Mwingine akamjibu: “Ya tatu haiko. Banakudanganya.”

Yaya, mimi ni mfanyabiashara. Nilichukua sampuli mkononi, nikazunguka nyumba, nikabisha. “Ya tatu iko,” nikawaambia. “Namba tatu, ya batoto benye kutambaa. Na ya nne iko. Munataka katoni ngapi?”

Walinitazama, wakatazamana, kisha mmoja wao akacheka mpaka akateremka kwenye kiti. Huyo ni Nkulu, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwingine ni Mwalimu Tshibangu, wa hesabu, mzaliwa wa hapa lakini babu yake alitoka Kasai, mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumamosi. Yeye hakucheka. Alinisogezea kiti.

“Maman, ikala,” akasema. “Huku hatuuzishe couches. Tuko tunasoma bande dessinée, bitabu bya picha. Couche ni ile maana yenye kujificha chini ya ingine.”

Tangu siku hiyo barabara nzima inaniita Maman Couche. Nimekwisha zoea.

Nilikuwa nageuka kuondoka ndipo nikaona kitabu mezani. Yaya, nilikichukua bila kuomba ruhusa. Kwenye jalada kulikuwa na mtu mrefu mwenye koti la mvua na glavu moja ya kijivu, mkono juu, na daraja zima limesimama hewani juu ya kichwa chake. Alikuwa ni Ngojea wetu. Jina lake la kitabuni ni jingine, refu na la kujivuna, wala sitaliandika hapa. Kwangu ni Ngojea.

Unakumbuka? Baba alivileta vile vitabu vinne katika safari ya mwisho aliyorudi salama na lori, vimekunjwa ndani ya mabuti ya kizungu yaliyokwisha valiwa, ndiyo maana kurasa hazikukubali kunyooka. Maandishi yalikuwa ya Kiflamandi, ile lugha ya Wabelgiji wasiotaka Kifaransa. Wewe ukasema unaijua, padri alikufundisha. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi saba, mdogo wetu Kakule mitano. Ungetuambia unajua lugha ya mbuzi tungekuamini.

Tulikaa nyuma ya jiko juu ya gunia la maharagwe, mvua ya Butembo ile isiyo na haraka inanyesha, moshi unatuingia machoni, nawe unasoma. Ngojea haruki wala hapigani na mtu. Kitu kikianguka, yeye anainua mkono na kukiambia: “Ngojea.” Kinangoja, na watu wanapata nafasi ya kutoka chini yake. Kakule alivaa soksi ya Baba mkononi akaachia mayai ya Mama, moja, mawili, matatu, na hakuna yai lililongoja. Kiboko ulikipokea wewe. Huku hewa ni kavu na udongo ni mwekundu, lakini siku ile kwenye fotokopi nilisikia harufu ya moshi ule, nakuapia.

Basi nikawa mwanachama. Vitabu ni vya Mwalimu, kwa Kifaransa, na kila Jumamosi tunasoma kimoja kwa sauti. Mimi nilijisifu mno. Niliwaambia hadithi hii naijua tangu sina meno ya mbele. Nikawasimulia jinsi Ngojea alivyopata nguvu zake: alikuwa mtoto, amebeba sufuria ya maharagwe, ikamponyoka, akaikataza isianguke kwa sababu alikuwa na njaa. Nkulu alipenda sana. Mwalimu alikunja uso, akasema tusubiri kitabu cha pili.

Wiki iliyofuata tukafungua cha pili. Katikati nikaona kurasa mbili ambazo sijaziona maishani mwangu. Nikasema: “Kitabu yenu iko na kurasa za kuongeza.”

“Maman Couche,” Nkulu akasema, “ya kwenu njo ilipunguka.”

Nisikilize, Yaya. Kwenye kurasa hizo mtoto yuko mezani na bakuli mikononi. Kaka yake mkubwa anasimama mlangoni, kofia kifuani. Anamwambia kwamba baba yao amekufa na amekwisha zikwa. Bakuli linamtoka mtoto mikononi, halafu linasimama hewani, na mchuzi wake umesimama, na hata nzi amesimama. Hapo ndipo nguvu zilipoanzia. Sufuria ya maharagwe haipo kabisa.

Wakaanza kubishana. Mwalimu alisema hiyo ndiyo couche ya pili: “Ule muntu haponeshe kintu. Anachelewesha tu. Daraja itaanguka, nyumba itaanguka. Kifo hawezi kukizuia.”

“Sasa kuchelewesha njo kazi gani?” Nkulu akauliza. “Miye nilizani iko na nguvu.”

Nami nikasimama. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikawaambia kuchelewesha ni kazi, tena kazi nzito, kwa sababu wanaokimbia chini ya daraja wanaliona anga tu, na yeye peke yake analisikia daraja mkononi. Nikasema mtoto akipata siku chache za kula na kulala kabla jambo halijamwangukia, siku hizo ni zake, hakuna atakayemnyang'anya. Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nilirudi depo nikakaa juu ya katoni, maana mdomo wangu ulikuwa umekutetea wewe kabla moyo haujapata habari.

Ndipo nikazikumbuka kurasa nene. Katikati ya kitabu chetu cha pili palikuwa na karatasi moja ngumu kama ngozi, nawe ulisema kiwanda kilikosea. Mende walikuwa wanakula pembe zake tu, kurasa nyingine hawazigusi. Tulicheka kwamba mende nao wanajua Kiflamandi. Mende hawali wino, Yaya. Walikuwa wanakula bugali. Ulizigandisha kurasa zile kwa bugali. Maneno hukuyaelewa, lakini picha ulizielewa: kaka mlangoni, kofia kifuani.

Miaka mitatu iliyopita, siku tuliposakafia kaburi la Baba kwa simenti, mjomba alisimama kukusifu mbele ya watu. Alisema Mama na wazee walipokwenda kumzika Baba kule barabarani alikofia, wewe peke yako uliambiwa, ukaagizwa usitufungulie mdomo mpaka Mama arudi, na kwa siku tisa hukutoa hata chozi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakutukana. Nilisema ulitufanya wajinga. Nilisema kila siku nilimwekea Baba sahani yake, donge la bugali na maharagwe juu, naifunika na kibao, na wewe unanitazama ukijua, kisha unatusomea vitabu. Nikasema kaka wa namna hiyo simtaki, nikapanda gari.

Hiyo sahani ndiyo iliyonivunja wiki hii. Chakula kilikuwa kidogo siku zile, chungu tulikikwangua mpaka kikalia. Bugali wa kugandishia karatasi ulitoka wapi? Uliosalia nyumbani ulikuwa mmoja tu, wa Baba. Asubuhi niliikuta sahani tupu, nikafurahi, nikadhani alipita tukiwa tumelala. Wewe ulikuwa unaimaliza ili nisiikute imelala bila kuguswa, na kidogo ukakipaka kwenye ukurasa. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, Yaya. Kijana wangu wa depo, naye jina lake Kakule, ana kumi na sita, na akiagizwa asimwambie mteja kwamba sabuni imekwisha, hawezi dakika tano.

Nisamehe. Sina neno zuri kuliko hilo, nimelitafuta wiki nzima. Nilidhani siku zile tisa ulikuwa unatucheka, kumbe ulikuwa umeinua mkono.

Sasa kuna jambo moja. Kitabu cha nne hukutusomea. Ulisema bado kinangoja, na Mama aliporudi na kitambaa cheusi kichwani, ulivitia vyote sandukuni, hatukuviona tena. Jana wenzangu walisoma cha nne. Mimi nilikataa. Nilibaki depo nikawasha redio kwa sauti ya juu, nisisikie mwisho kupitia ukuta. Mwalimu alikuja baadaye kuuliza kama ninaumwa. Nilipomweleza, alirudi kwenye fotokopi, akaja na kitabu chenyewe, akanipa. Sharti lake ni kwamba utakavyokisoma wewe nimpelekee kwa maandishi. Anasema hiyo itakuwa couche ya nne. Nkulu akasema ya nne ninayo kwenye katoni.

Kitabu kimo ndani ya mzigo huu, Mama Masika anakibeba, na nimekizungushia gazeti. Usikubali akifungie vitunguu.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya miguu nitaituma kwa lori lijalo, na kwamba sala zake ninazisikia hata kama simu siisikii. Nisalimie mdogo wetu Kakule kwenye garage yake, umwambie nimempata kijana wa jina lake hapa depo, mvivu vilevile. Nisalimie shemeji yangu, mke wako, ambaye hakuacha kunitumia salamu hata nilipokuwa sizijibu. Nisalimie tantine Katungu aliyetulinda siku zile, na mjomba pia. Mwambie sina neno naye.

Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, nipigie. Nitapokea. Unisomee cha nne chote, kwa Kifaransa au kwa Kiflamandi chako. Kama Ngojea anakufa, niambie, mimi sasa ni mtu mzima, wala usigandishe kitu. Na ukifika pahali ambapo sauti inakukwama, usijikaze tena kwa ajili yangu. Sema tu “ngojea.” Sitakata simu.

Mdogo wako,
Kahindo