Matairi ya Kwendea kwa Baba

Uyole, Mbeya
7 Oktoba 2023

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mama mgongo umepoa? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanibana.

Nimenunua gari, baba. Usishtuke. Ni kama yale uliyokuwa ukinionyesha magazetini nikiwa mdogo: la spoti, viti viwili, limekaa chini kama paka anayetaka kuruka. Limeshatumika, ila injini ni nzima. Jioni nikitoka kazini naliendesha polepole hadi kwenye mashamba ya viazi, nazima, natazama ukungu ukishuka mlimani. Naona kama si mimi.

Kasoro ni matairi. Aliyeniuzia aliweka ya bei rahisi. Ukiyatazama ni mapya, kashata zote za kushika barabara zipo, lakini fundi wangu Obeid anasema mpira wake ni mgumu: kwenye lami kavu yatakwenda, mvua ikianza yatateleza. Saizi yake hapa Mbeya haipo, mpaka niagize, na kuagiza ni kusubiri. Nami nataka nije tukamtembelee rafiki yako Kalinga kule Idodi. Nije hivi hivi, au nisubiri?

Mwanao,
Eveline

Tosamaganga, Iringa
19 Oktoba 2023

Mwanangu Eveline,

Milele amina. Marahaba. Kamwene, kwa Kihehe chetu. Mama yako yuko shambani, mgongo umetulia. Mimi sijambo, ila macho.

Nilitaka nikufiche. Ile presha ya macho imeingia na jicho la pili. Daktari aliniambia taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto: kinachoondoka hakirudi. Ndiyo maana naandika herufi kubwa hivi. Pembeni kote kumekuwa moshi, katikati pamebaki kama tundu la ufunguo. Hapo bado naona.

Juzi mchana usingizi ulinipitia barazani, nikaota unakuja na gari lako chini ya miti, halitimui vumbi, halina hata kivuli. Nilipoamka nilikwenda kusimama barabarani.

Matairi si umesema ni mapya? Usiagize kitu. Njoo kabla ya mvua, nilione gari, nikuone na wewe ukiliendesha. Njoo, mama.

Baba yako,
Marcelino

Uyole, Mbeya
20 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Poleni kwa kusubiri. Najua mama alipika.

Niliondoka Jumamosi asubuhi jua likiwaka. Nilipofika Inyala wingu likashuka hadi kwenye lami, na mvua ya kwanza ikaanza, nyepesi, ya kupendeza kabisa. Lori la mbele likapunguza mwendo. Nikakanyaga breki, gari halikusimama. Liligeuka, baba, taratibu mno, kama linacheza. Nikaona mlima, nikaona lori, nikaona mlima tena. Nikasema kwa sauti, "Baba ananingoja," kama vile gari litanisikia. Likaja kutulia kwenye majani, linatazama nilikotoka.

Dereva wa lori alikuja mbio. "Dada, upo mzima?"

"Mzima."

Akainama akayapapasa matairi. "Na haya ulikuwa unakwenda wapi?"

Nikainama nami nikayapapasa.

Sikuumia. Mvua ilipokatika nilirudi Mbeya, na matairi nimeagiza. Najua kusubiri huku kunakula nini. Ukitaka, nije kesho kwa basi. Lakini kukuweka pembeni yangu na matairi yale, hapana baba, hata ukikasirika.

Mwanao,
Eveline

Uyole, Mbeya
18 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Jibu sijapata. Nikipiga simu mama anasema umelala, kila saa umelala.

Matairi yamefika, Obeid ameyafunga. Nimelizungusha gari kwenye mvua kwa makusudi, na breki zinashika. Noeli nakuja. Kama hutaki kuongea nami, utakaa kimya ndani ya gari.

Mwanao,
Eveline

Tosamaganga, Iringa
8 Januari 2024

Mwanangu Eveline,

Heri ya mwaka mpya. Umefika salama? Anayeandika ni mama yako, mimi nasema tu. Akiongeza ya kwake utajua.

Sikuwa nimekukasirikia. Barua yako ya Inyala mama yako alinisomea, kwa sababu lile tundu lilikuwa limeshafunga. Niliona aibu kwamba nilikuita uje na matairi yale. Nikalala. Mtu akilala hakuna anayemuuliza kitu.

Siku ile ya Noeli nilipanda gari lako kwa kuwa ulinishika mkono, na sikutaka kubishana mbele ya mama yako. Nilikaa chini hivyo, miguu imenyooka, giza mbele, giza nyuma. Nikangoja. Mwishowe nikakuuliza, "Mbona tumesimama?"

Ukasema, "Hatujasimama, baba. Tuko mwendo."

Sikukuamini. Ukateremsha kioo, ukaniambia nitoe mkono. Mwanangu, upepo ule! Ulinisukuma kiganja, ukaingia kwenye mkono wa shati hadi kwapani. Nilikuwa nimeshaamini kwamba dunia imesimama na mimi nimewekwa katikati yake. Kumbe tunakwenda.

Lami ilipoisha ukageuza, hukutaka kulipigisha gari mawe. Idodi hatukufika, nikanuna. Sikununa kweli.

Juzi nimekwenda kwa sista mmoja wa hapa anayefundisha wasioona kutembea na fimbo. Mama yako anasema baridi ya asubuhi itaniua. Nimemwambia anitafutie sweta, kesho narudi.

Baba yako,
Marcelino