Kitambi Changu Umekipeleka Wapi?

Kwako mwanangu mchora michezo,

Mimi mzima, cherehani nayo nzima, ila umenikera. Kinyozi jirani amenionyesha mchezo wenu mpya wa video kwenye runinga yake. Yule fundi nguo uliyemchora kwa sura yangu, zamani alikuwa kibonge, mfupi kama kidole gumba, kitambi mbele, tepu ya kupimia shingoni. Nilijitapa mtaa mzima! Mchezo wa pili mkamrefusha, nikavumilia. Sasa ana kifua cha bondia na miguu ya twiga. Kitambi changu umekipeleka wapi? Kinyozi kaniuliza, "Mzee, huyo ni wewe umepanda ngazi?"

Miaka arobaini nashona, sijakata kitambaa cha mtu kwa kumkumbuka tu. Mteja huja, husimama, nampima. Wewe umenichora mara tatu, na mwaka wa tisa huu hujanitia machoni.

Huyo wako anazidi kurefuka, mimi nazidi kusinyaa. Suruali zangu nimezipunguza mara mbili mwaka huu, na daktari ananitazama kama kitambaa kisichotosha shati. Usinipigie simu. Njoo unipime mwenyewe, maadamu bado naweza kusimama.

Ni mimi babako, fundi asiye na mpinzani.