Taa za Dagaa

Precious, usilale kwanza. Nimejiaibisha huku mwaloni kwa wavuvi mpaka masikio yanawaka moto

Ile picha ya kalenda, ya taa za wavuvi wa dagaa, si mwisho wa kuipeleka ni kesho asubuhi? Juzi mvua. Jana mvua. Leo upepo jioni nzima, nimesimama juu ya jiwe nimeikumbatia kamera kama mtoto mchanga

Saa nne mawingu yakaondoka yote. Nikafunga stendi ya kamera, nikasubiri mitumbwi iwashe taa

Saa tano. Saa sita. Ziwa zima hakuna taa hata moja. HATA MOJA Precious!

Nikamfuata mama mmoja anakunja turubai. Shikamoo mama, leo wavuvi wamegoma?

Akanyoosha kidole juu. "Marahaba. Mwezi wote ule huuoni? Mbalamwezi hivi nani atavua dagaa? Hiyo taa dagaa wataiona saa ngapi?"

Mwezi mpevu! Tena niliufurahia, ndio ulionimulikia nikifunga stendi! Siku tatu nachungulia mawingu tu kwenye simu

Mimi! Binti wa mzee Shigela, fundi taa za dagaa Mkuyuni, hapahapa kando ya ziwa! Kila mbalamwezi wavuvi walikuwa wanapumzika, wanamletea taa za kutengeneza, sebuleni hatuna pa kukanyaga. Ada zangu zote zilitoka kwenye hizo taa!

Yule mama akanionea huruma kabisa. "Kwani mwanangu wewe kwenu wapi?"

Nikamwambia Dodoma