Mzio Ulioonekana Dirishani

Mshauri mpendwa, nisaidie pumzi ingalipo, maana mapafu yangu yamekwisha na daktari hapa Tainan haongei tena na mimi, anaongea na mwanangu. Niliunda programu ya kompyuta ambayo zahanati hutunzia kumbukumbu za wagonjwa, na nyuma ya dirisha lake kazi kadhaa huenda kwa pamoja, kila moja kwenye uzi wake, yaani njia yake yenyewe ya kutendea kazi, na kila uzi ulipaswa kufungua kikao chake na hifadhidata, ghala la kumbukumbu hizo, umalize, ukifunge, lakini mimi kwa haraka na kiburi nikazipa nyuzi zote kikao kimoja, basi uzi mmoja ukikwama na kufuta ulichoanza, unafuta na cha mwenzake.

Muuguzi Hsiao Mei-chu alilalamika, "Injinia Kuo, maandishi yangu yanapotea!" nami nikamcheka, "Dada, pakiti ya kijani juu ya mashine imepitwa na tarehe, ndiyo maana mashine imenuna," nikaweka pakiti mpya ya vitafunwa, kama tufanyavyo mafundi wote wa huku kwa imani kwamba mashine itakuwa na adabu, nikaenda zangu. Baadaye akaandika kwamba mama mmoja hapatani na penisilini, dirisha likasema imehifadhiwa, kumbe uzi wa kuchapa risiti ulikwama ukafuta vyote, mama akadungwa sindano ya dawa hiyo, akafa.

Hsiao alilia mbele ya wakubwa, "Niliandika! Nimeona kwa macho yangu!" Wakamfukuza. Nilikuwepo, kosa nimeshaliona, nikanyamaza. Programu bado inauzwa, na mwanangu Chih-yuan, mkuu wa kampuni sasa, nikimwambia anajibu, "Baba, pumzika. Unataka sisi tule nini?" Silali. Nifanye nini?

Kuo, Tainan

Mzee Kuo, pole kwa maradhi. Kwa hilo jingine sina pole ya kukupa. Pakiti hata mimi ninayo juu ya kompyuta yangu, lakini sijaiachia kazi yangu.

Usimwombe mwanao ruhusa. Leo hii zahanati zote zipigiwe simu zirudi kwenye karatasi. Dawa unaijua, umeitaja mwenyewe: kila uzi na kikao chake, na dirisha lisiseme imehifadhiwa mpaka hifadhidata yenyewe ijibu. Mafundi waambiwe hivyo, kwa sahihi yako.

Kisha mwandikie Hsiao, na nakala wapewe waliomfukuza. Usijieleze, usilie, usiombe msamaha. Sema tu kwamba aliandika. Mama yule hatafufuka, na huenda Hsiao asiifungue bahasha yako. Andika hivyo hivyo. Nguvu uliyotumia kuniandikia mimi ilikuwa yake.