Visu Vyangu vya Muhuri wa Korosho

Shikamoo bibi, mke wangu wa Chiungutwa!

Newala nzima hakuna fundi wa visu wa kumfikia mumeo Saidi, hata aliyenifundisha anajua. Kila kisu changu nakigonga muhuri wa korosho chuma kikiwa bado chekundu. Jana sokoni mama mmoja wa Mkunya akavisukuma kando visu vya fundi wangu: "Mie nataka chenye korosho!" Fundi akaguna, "Haya bwana mkubwa, kesho gonga na vyangu." Nilitembea kama diwani!

Ule vizuri, usinizeekee kabla sijarudi. Ila bibi, kile nilichokuahidi cha kumenyea mihogo nilisahau kukigonga muhuri. Nikakigonga kimeshapozwa kwa maji, kikapasuka. Na ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote.